Maumbo ya Watoto na Uonevu wa Shuleni

Katika shule nyingi ni vigumu kumwona mtoto asiyekuwa na jina la mzaha. Aliye mrefu huitwa Twiga au Ng'ongoti. Aliye mwembamba huitwa Njiti au Kimbaumbau. Aliye mfupi huitwa Mbilikimo. Na aliye mnene huitwa Bonge, Pipa, au Tembo. Majina haya karibu yote yametoka mwilini. Ni mara chache mtoto kupewa jina kwa sababu ya uvivu wake au kwa sababu ya kusema uongo, ijapokuwa hayo ndiyo makosa yake mwenyewe, na urefu wa miguu yake si kosa lake.

Si kila jina la namna hiyo ni ubaya. Watu wa Tanzania wayajua sana mambo ya utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baadaye wakawa watani. Mngoni aweza kumwambia Mhehe maneno ambayo mtu mwingine akiyasema yataleta ugomvi, na Mhehe humjibu kwa maneno makali kama hayo, kisha wote wawili hucheka. Utani una sheria yake: anayetania hutaniwa. Neno huenda na kurudi. Lakini mtoto akiitwa Pipa kila siku na watoto sita, naye hawezi kuwajibu kwa kuwa akijibu hupigwa au huchekwa zaidi, hapo neno laenda tu wala halirudi. Huo si utani tena. Huo ni uonevu.

Mmoja wa watu wa kwanza kuuchunguza uonevu wa shuleni kwa njia ya kitaalamu alikuwa Dan Olweus, aliyezaliwa Uswidi mwaka 1931, akafanya kazi miaka mingi katika mji wa Bergen huko Norwei, akafariki mwaka 2020. Yeye alisema kwamba uonevu una alama tatu. Kwanza, hufanywa kwa kusudi. Pili, hurudiwa mara kwa mara. Tatu, anayeonewa hana nguvu sawa na anayeonea. Alama hii ya tatu ndiyo iliyo kubwa, maana watoto wawili wenye nguvu sawa wakipigana, huo ni ugomvi, na ugomvi huisha. Tena nguvu si mikono peke yake. Aliye na rafiki wengi ana nguvu, na mwenye ulimi mwepesi ana nguvu, na aliyekaa shuleni miaka mingi ana nguvu juu ya mgeni aliyefika jana.

Katika miaka ya 1970 Olweus aliwachunguza wavulana wa shule za Uswidi. Wakati ule watu wengi, walimu pamoja na wazazi, walidhani kwamba mtoto huonewa kwa kuwa ana ila fulani ya kuonekana: ni mnene, au amevaa miwani, au nywele zake ni nyekundu, au matamshi yake si kama ya wenzake. Olweus aliipima fikira hiyo. Alitafuta habari za maumbo ya wavulana walioonewa na za wavulana wasioonewa, akazilinganisha, akaona jambo la ajabu: ila zile zile zilikuwako pande zote mbili. Kwa walioonewa walikuwapo wenye miwani, na kwa wasioonewa walikuwapo vile vile. Karibu kila mtoto, akitazamwa sana, ana kitu cha kuchekewa. Jambo moja la mwili ndilo lililotofautiana: wavulana walioonewa walikuwa na nguvu chache kuliko wenzao, na wavulana waliowaonea walikuwa na nguvu nyingi.

Maana yake ni kwamba mwonevu haanzi na unene wala miwani. Huanza na mtu, yaani yule anayemdhania kuwa hataweza kujitetea wala hatatetewa na wengine. Kisha hutafuta jina la kumwita, na macho yake huangukia jambo lililo karibu. Unene au ufupi ni kama fimbo iliyookotwa njiani. Nia ya kupiga ilikuwako kabla ya fimbo.

Hata hivyo neno la Olweus halikuwa la mwisho. Kusini mwa Uingereza wataalamu waliwafuata kwa miaka mingi watoto waliokuwa wafupi sana tangu walipoanza shule, wakawalinganisha na wenzao wa kimo cha kawaida. Habari zilizotolewa mwaka 2000 zilionyesha kwamba wavulana wafupi waliosema kuwa wameonewa walikuwa zaidi ya mara mbili kuliko wavulana wa kimo cha kawaida, nao waliumia moyo zaidi kwa ajili ya uonevu huo. Tena huko Marekani watoto 821 walichunguzwa, na mwaka 2010 ikaelezwa kwamba watoto wanene kupita kiasi huonewa kuliko wenzao. Wachunguzi walijaribu kutafuta kama kuna kinga. Je, mtoto mnene aliye hodari wa masomo huachwa? Haachwi. Je, mtoto wa nyumba tajiri, au mwenye tabia njema na kujua kukaa na watu? Naye haachwi. Wavulana na wasichana wote walikuwa sawa katika jambo hilo.

Basi umbo la mwili lina sehemu yake, ijapokuwa si sehemu yote. Lakini kuonewa sawasawa kwa hesabu si kuonewa kwa namna moja. Kitu kile kile, yaani mwili mkubwa au mwili mdogo, husomwa kwa herufi mbili mbalimbali: kwa mvulana husomwa kama habari ya nguvu, na kwa msichana husomwa kama habari ya sura.

Mvulana tangu utoto wake hupimwa kwa mambo anayoweza kuyafanya. Huulizwa kama aweza kukimbia, kuruka, kubeba mzigo, kupiga mpira. Kwa hiyo mvulana mdogo wa mwili ndiye anayesukumwa kwenye foleni ya maji, ndiye anayenyang'anywa kalamu na chakula, ndiye anayeachwa wa mwisho wakati wa kuchagua timu. Mvulana mnene naye huwekwa golini, si kwa sababu ajua kudaka, bali kwa sababu wenzake wamekwisha amua kwamba hawezi kukimbia; na bao likiingia husemwa kuwa ni lake.

Mvulana mkubwa wa mwili ana taabu nyingine ambayo watu wazima wengi hawaijui. Akionewa na kundi la watoto wadogo kuliko yeye, haamini mtu kwamba ameonewa. Akienda kushitaki huambiwa, "Wewe na mwili wote huo, waonewaje na hawa?" Naye akijibu kwa mkono wake, mara moja yeye ndiye mkosaji, kwa kuwa waliotazama waliona mkubwa akimpiga mdogo. Hivyo hujifunza kunyamaza. Wengine hujifunza jambo baya zaidi. Uchunguzi mmoja wa Uingereza uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wavulana wanene kupita kiasi walionewa kuliko wenzao, na papo hapo wavulana wanene walionekana kuwaonea wengine kuliko wavulana wa kawaida walivyofanya. Si vigumu kuona sababu. Mvulana aliyechekwa kwa ukubwa wake huja siku moja akagundua kwamba ukubwa huo huo huogopesha, na mlango huo akisha kuufungua si rahisi kuufunga. Kwa wasichana wanene uchunguzi ule uliona kuonewa tu, kuonea hakukuzidi. Msichana hakuachiwa mlango huo.

Kwa upande wake, msichana hupimwa kwa anavyoonekana. Akiwa mnene, haulizwi kama aweza kukimbia. Husemwa nguo yake, mwendo wake, na chakula alichokula. Akiwa mrefu mwenye mabega mapana huitwa jikedume, na jina hilo husemwa kana kwamba nguvu ni aibu, ilhali ndugu yake mwenye mabega kama hayo husifiwa. Akiwa mwembamba huambiwa kwamba hatakua. Hakuna kipimo kinachompendeza kila mtu, na msichana anayejaribu kuwapendeza wote huchoka kabla ya kufika darasa la saba.

Tena kuna jambo la kukua. Wasichana huanza kurefuka kwa haraka mapema kuliko wavulana, yapata miaka miwili mbele. Kwa wasichana wengi mwaka wa kukua sana huwa karibu na umri wa miaka 12, na kwa wavulana karibu na miaka 14. Ndiyo sababu katika madarasa ya juu ya shule ya msingi wasichana wengi ni warefu kuliko wavulana walio sawa nao kwa umri, na jambo hilo halina ubaya wo wote. Ni utaratibu wa mwili. Lakini wale walio pembeni mwa utaratibu huo hupata taabu, na taabu zao ni za kinyume. Kwa wavulana, anayechelewa kukua ndiye anayedharauliwa, kwa kuwa rafiki zake wamekwisha mwacha kwa kimo na kwa sauti. Kwa wasichana, mara nyingi ni yule anayetangulia. Mwili wake waanza kuwa kama wa mwanamke ilhali moyo wake ungali wa mtoto. Hutazamwa, husemwa, huzushiwa habari za uongo, na pengine wavulana humvuta nguo au kumgusa, wakisema kuwa wanacheza. Huo si mchezo. Msichana anayetendewa hivyo ana haki ya kukataa kwa sauti na ya kumweleza mwalimu au mzazi siku ile ile, na hatakiwi kueleza kwanza kwa nini mwili wake umekua.

Katika Afrika ya Mashariki tofauti hizi huzidi kwa sababu ya umri. Tanzania ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003, watoto wengi sana waliokuwa wamekosa kusoma waliingia shuleni. Lilikuwa jambo la furaha. Lakini katika darasa moja waliketi pamoja mtoto mdogo na kijana aliyekwisha balehe, na wote wawili waliweza kuonewa: mdogo kwa udogo wake, na mkubwa kwa kuitwa babu au mama wa darasa.

Watu hupenda kusema kwamba wavulana huonea kwa ngumi na wasichana kwa maneno. Neno hilo lina ukweli, lakini si wote. Katika mji wa Turku huko Ufini, wataalamu waliwachunguza watoto wa miaka 11 na 12, wakatoa habari zao mwaka 1988. Waliona kwamba wasichana hutumia zaidi njia za kuzunguka: kusengenya, kutoa siri, kuwashawishi wengine wasizungumze na mwenzao, na kumfanya mtu awe kama hayupo. Ni kweli pia kwamba wavulana hupiga na hupigwa zaidi. Hayo yameonekana katika nchi nyingi. Lakini mwaka 2008 wataalamu walizikusanya chunguzi 148 zilizokwisha fanywa, wakazipima zote pamoja, wakaona kwamba katika kusengenya na kutenga, tofauti ya wavulana na wasichana ni ndogo mno hata haistahili kutajwa. Wavulana nao husengenya. Huenda watu hawakuwasikia kwa kuwa walikuwa wakitazama ngumi zao.

Mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, lilitoa kitabu chenye habari za uonevu kutoka nchi nyingi za dunia. Kilisema kwamba karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu alionewa na wenzake angalau siku moja katika mwezi uliotangulia kuulizwa. Wanafunzi walipotaja sababu ya kuonewa, umbo na sura ya mwili ndiyo iliyotajwa zaidi kuliko sababu nyingine zote. Kitabu hicho kilisema pia kwamba wanaoonewa mara kwa mara hukosa shule zaidi ya mara mbili kuliko wasioonewa. Jambo hilo linaeleweka. Mtoto anayejua kwamba njiani anangojwa, asubuhi huumwa na tumbo, na mara nyingine tumbo huuma kweli.

Ingekuwa unene wenyewe ndio wenye kosa, watu wa kila nchi wangaliucheka. Haikuwa hivyo. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, tangu zamani, mwili mnene wa mwanamke ulihesabiwa kuwa dalili ya afya na ya kutunzwa vema nyumbani, na kukonda ndiko kulikoulizwa maswali. Huko Uganda, katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuenea, watu waliuita kwa jina lenye maana ya kukonda. Na tangu hapo watu wengi wembamba, hata wasiokuwa na ugonjwa wo wote, walitazamwa kwa hofu. Huko Marekani mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1961 ilitolewa habari ya watoto walioonyeshwa picha sita za watoto wenzao: mmoja mzima, mmoja mwenye magongo, mmoja katika kiti cha magurudumu, mmoja asiye na mkono, mmoja mwenye kasoro usoni, na mmoja mnene. Waliambiwa wazipange kwa kadiri walivyowapenda. Mtoto mnene aliwekwa wa mwisho. Miaka 40 baadaye jambo lile lilifanywa tena kwa watoto wengine 458. Mtoto mnene akawekwa wa mwisho tena, na safari hii alichukiwa zaidi kuliko mara ya kwanza, ingawa katika miaka ile 40 watoto wanene walikuwa wameongezeka sana katika nchi ile. Watoto hawa hawakuzaliwa na fikira hizo. Walizipata kwa watu wazima, kwa magazeti na kwa picha.

Wako wasemao kwamba kumcheka mtoto mnene ni kumsaidia, maana ataona haya apunguze kula. Hao wamekosea kabisa. Mtoto aliyechekwa akikimbia huacha kukimbia. Hujificha wakati wa michezo, husingizia ugonjwa, hula peke yake mahali pasipo watu. Kadhalika mtoto mwembamba hanenepi kwa kuitwa Njiti. Pengine wembamba wake watokana na njaa ambayo nyumbani kwao haisemwi, na pengine ni urithi tu wa baba yake, kama vile kimo, rangi na umbo la pua.

Norwei iliamua kulishughulikia jambo hili kwa nguvu mwaka 1983, baada ya wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi hiyo kufariki karibu na mwisho wa mwaka 1982, vifo ambavyo vilihusishwa na mateso waliyoyapata kwa wenzao. Olweus alizifuata shule 42 za Bergen zenye wanafunzi wapatao 2,500. Hazikufanywa mashine wala hazikutumiwa fedha nyingi. Walimu walisimama uwanjani wakati wa mapumziko, hasa mahali pa kujificha. Madarasa yaliwekewa kanuni fupi: kwamba mtu asionee; kwamba anayeonewa asaidiwe; na kwamba anayekaa peke yake aitwe ajiunge na wengine. Mwonevu aliitwa peke yake na kuambiwa wazi, na wazazi wake wakaarifiwa. Baada ya miaka miwili uonevu katika shule hizo ulipungua kwa karibu nusu, kwa wavulana na kwa wasichana pia.

Walakini mwalimu mmoja hawezi kuwapo kila mahali, na watoto wajua hivyo. Katika mji wa Toronto, Kanada, wataalamu waliweka kamera kwenye viwanja vya shule za msingi, wakatazama yaliyotukia walimu walipokuwa mbali. Habari zao zilitolewa mwaka 2001. Waliona kwamba katika kila mara 100 mtoto alipoonewa, mara 88 walikuwapo watoto wengine wakitazama. Katika mara hizo zote, watoto waliingilia kati mara 19 tu katika kila 100. Wavulana waliingilia zaidi walioonewa walipokuwa wavulana, na wasichana walipokuwa wasichana. Na walipoingilia, katika zaidi ya nusu ya mara hizo, yaani mara 57 katika kila 100, uonevu ulikoma kabla ya sekunde 10 kupita.